Bwana Hanunui Nusu Mtu

Kaviha wa Randu aliwadharau watu wa king'ora tangu siku king'ora kilipoletwa Kisauni. Asubuhi na mapema, akiwa juu ya mnazi, aliwaona wakimiminika kwenda yadi ya mawe, na ule mlio ulipolia alicheka peke yake huko juu. Mtu mzima, ana mke, ana mji wake, anaitwa kwa honi! Hata mbwa wa mtaa wa Mjambere huitwa kwa majina yao.

Yeye aliitwa na minazi. Alizaliwa mwaka ule Wagiriama walipopigana na serikali, ndiyo sababu ya jina lake, maana viha kwao ni vita, na tangu ujana wake alikuwa mgema kama babake. Nayo kazi ya mgema haitaki mzaha. Alfajiri hupanda, hukata kijipande chembamba cha ncha ya karara, lile chipukizi la maua ya mnazi, kwa kisu chake cha kotama, hushusha tembo, hurudisha kibuyu mahali pake. Jioni hupanda tena. Karara halijui Ijumaa wala Jumapili. Usipolikata siku mbili tatu, ncha hukauka, tembo hukatika, na mnazi ukakugeuzia kisogo mpaka utoe karara jingine. Ila katikati, jua likishapanda, mgema hana kazi. Kaviha alikuwa akilala, au akisuka makuti, au akiwasema watu.

Mwaka mmoja, vita vya pili vya Wazungu vikiwa bado havijaisha, unga ulipotea madukani. Tembo lilikuwako, lakini mtoto hashibi tembo. Unga ulikuwa kwa wenye kazi, waliopimiwa posho na waajiri wao kila Jumamosi. Mapenzi, mkewe Kaviha, alivumilia muhogo mpaka muhogo nao ukaadimika.

"Baba Karisa," alimwambia, "hao unaowacheka kutoka mnazini wanakula sima. Wanao wewe wanalamba sufuria."

Neno hilo lilimwingia. Akavaa shati lake la harusini na matangani, akashika njia ya yadi.

Langoni palikuwa na ubao, na chini ya ubao palikuwa na Justus. Justus alikuwa karani, kijana wa misheni, suruali imepigwa pasi ikasimama yenyewe, penseli nyuma ya sikio. Ubao ulisema wanatakiwa watu wa kazi, kutwa, kwa mwezi. Justus aliusoma kwa sauti kila alipotokea mtu, kwa madaha, ungedhani ameutunga yeye.

"Nimesikia, Bwana Karani," akasema Kaviha. "Mimi nataka kutoka asubuhi nikishashuka mnazini hadi adhuhuri. Posho nipimie nusu. Mshahara nao nusu."

"Kazi ni kutwa."

"Lakini kazi yenyewe huisha adhuhuri." Kaviha hakubahatisha. Kutoka juu ya minazi aliiona yadi yote. Malori ya jeshi yalikuja asubuhi yakapakiwa mawe, na mchana hayakurudi kamwe, yalikwenda Kilindini. Kuanzia adhuhuri watu wale walilala kwenye kibanda cha makuti, midomo wazi, wakingoja king'ora kiwaruhusu kwenda kulala kwao.

"Bwana hanunui nusu mtu," akasema Justus.

"Na wale waliolala pale amenunua nini?"

"Amenunua kutwa yao. Wakilala, usingizi ni wake."

Kaviha alimtazama kuanzia viatu hadi penseli. Kusoma kote kule, zaburi na hesabu, na hii ndiyo akili iliyotoka! Akaondoka bila kuaga.

Alijaribu kwingine. Katika shamba la katani nyapara alicheka hadi akakohoa, akamwambia katani haikatwi kwa hisani. Kule Nyali, Mzungu mmoja wa kike alitaka mtu wa bustani alale hapo hapo, usiku na mchana, amwagilie maua ambayo masika ilikuwa ikiyamwagilia bure. Kila mlango ulikuwa na jibu lile lile, na kila jibu lilitoka kwa mtu aliyekuwa amekaa tu. Kaviha aliwatukana wote njia nzima kurudi nyumbani, kwa Kigiriama, maana aliona Kiswahili hakina makali ya kuwatosha.

Lakini matusi hayasongwi sima. Jumatatu alikuwa tena chini ya ule ubao.

"Kutwa?" akauliza Justus, akitabasamu.

"Kutwa."

Akawa mtu wa king'ora. Asubuhi alibeba mawe. Mchana alikaa kibandani akiyatazama makuti ya minazi yake ng'ambo ya barabara, karibu kabisa, na hana ruhusa ya kwenda. Wenzake walikoroma. Aliyekuwa karibu naye, Gona, mtu mpole wa asili ya Ribe, mwenye mke mgonjwa hapo hapo Kisauni, hakukoroma. Alikaa akichora mchanga kwa kijiti. Kaviha aliwadharau wote pamoja, wanaokoroma na wanaochora. Yeye aliona yumo humo kwa muda tu, kama mgeni.

Minazi miwili iliyokuwa mlangoni pake aliigema gizani, kabla ya kwenda na baada ya kurudi, akipapasa kama mwizi. Iliyobaki ilifunga mmoja mmoja. Mwenye shamba, Mzee Rashid Faki, akaja kutazama. Alikuwa mcha Mungu, kila mwezi alipokea kodi ya minazi hiyo, na hakuna aliyewahi kumsikia akilitamka tembo kwa jina.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona lile jambo lako limelala."

"Nimepata kazi, mzee. Ya kutwa."

"Alhamdulillahi. Lakini minazi yangu si pambo. Mwezi ukiandama ikiwa hivi, nitampa mtu mwengine aishughulikie, inshallah. Na nyumba hii ataitaka, maana yuko na wake wawili."

Basi Kaviha akajikuta kati. Akiacha yadi, watoto hawana unga. Akiendelea na yadi, hana minazi wala pa kulala. Na kilichomtenga na vyote viwili kilikuwa usingizi wa mchana ambao hata hakuulala.

Jumapili, baada ya ibada, Justus alitokea kama ilivyokuwa desturi yake. Ndiyo, Justus. Mkristo huyo, aliyewaambia watu yadini kwamba mila ni giza na tembo ni mlango wa jehanamu, kila Jumapili alipitia nyuma ya choo cha Kaviha, tai mfukoni, akanywa mpaka akaimba. Siku hiyo alifuatana na watu wawili wa yadi, Gona akiwa mmoja wao. Wakaketi, wakangoja. Hakikuja kitu.

"Mgema, tembo liko wapi?"

"Umelinunua, Bwana Karani. Kutwa nzima."

Gona alicheka kidogo. Justus hakucheka, koo lake halikuwa na nafasi ya kucheka. Akamvuta Kaviha pembeni. "Sikiza. Bwana mkubwa huja asubuhi tu. Kuanzia kesho wewe toka adhuhuri, kageme. Posho utapata nzima, mimi ndiye nipimaye. Yangu mboko moja ya tembo kila jioni."

Kumbe iliwezekana! Siku zote iliwezekana, na karani alikuwa na uwezo huo mfukoni pamoja na tai yake. Kaviha aliona hasira ikimpanda hadi masikioni. Lakini aliingia ndani, akatoka na mboko moja iliyojaa, kibuyu cha kunywea chenye tembo la ile minazi miwili, na mrija wake. Akamkabidhi Justus, kisha akakaa.

Kwa Wagiriama mwenyeji huonja kwanza, wageni wakimwona, ndipo tembo huaminiwa halina sumu wala uchawi. Tembo lisiloonjwa na mwenyewe halinywewi hata na mwendawazimu.

Justus aliushika mrija, akausogeza mdomoni, akausimamisha hapo. "Hujaonja," akasema.

"Si ulisema hayo ni mambo ya giza? Kunywa."

"Onja, Kaviha."

"Nitaonja ukishasema hapa, mbele ya hawa, yale uliyoninong'oneza kule."

Jasho lilimtoka karani, shingo ya shati ikalowa. Alitazama mboko, akatazama watu, kiu ikashinda. "Kaviha atatoka adhuhuri kila siku," akasema upesi. "Posho yake nzima."

Mapenzi, aliyekuwa mlangoni, akapiga kigelegele kifupi. Kaviha akatwaa mrija, akavuta funda. Lilikuwa tamu, na dharau iliyomo kinywani mwake ilikuwa tamu zaidi. Akampa Justus, naye akanywa kwa pupa huku akitoa sauti.

"Na sisi je?" akauliza Gona polepole. "Adhuhuri na sisi hatuna kazi. Mke wangu hawezi kuteka maji."

"Wewe una minazi?" akauliza Justus bila kuinua kichwa.

Gona aligeuka akamtazama Kaviha, akangoja. Neno moja la kumtetea lingetosha, kwa kuwa wakati ule karani alikuwa na mrija kinywani na mwenye mboko alikuwa Kaviha. Kaviha alilijua neno hilo. Akafikiri juu ya unga, na minazi, na Mzee Rashid na wake wawili wa yule mtu mwingine. Akanyamaza, akasogeza kigoda chake.

Mboko ilizunguka ikafika kwa Gona. Ilikuwa imeonjwa mbele ya macho yake, hakuwa na cha kuogopa. Akaupokea mrija, akaufuta, akauweka chini juu ya mchanga. Kisha akainuka.

"Ahsante, ndugu yangu," akasema. "Hilo kunyweni nyinyi wawili."