Mama Katikati achagua gari la nyumbani kwake

Saa mbili asubuhi, lango la yadi ya magari halijafunguliwa hata nusu, na mwanamke wa miaka hamsini na minne tayari amejibana kwenye kiti cha nyuma cha gari jekundu. Hakukaa dirishani. Amekaa pale katikati pasipo na raha, magoti yamegusana, mkoba mapajani, kama abiria aliyechelewa akakuta wenzake wameshagawana madirisha.

Anafumba macho. Anajisogeza kushoto, anajisogeza kulia, anainua kichwa mpaka kilemba kinagusa dari. Kisha anashuka, anaingia kwenye gari jeusi lililoegeshwa ubavuni mwake na kufanya vilevile.

"Hili linauma mgongo," anasema akitoka na kujinyoosha. "Mtu akikaa hapa safari nzima, atashuka ana kinyongo na ukoo wote."

Ndiyo kazi yake. Anauza magari yaliyotumika, yale ya familia, yenye milango minne na buti nyuma. Si yale makubwa ya kutisha barabarani, wala si yale madogo ambayo mtu mrefu huyavaa badala ya kuyapanda. Ameifanya kazi hiyo kwa karibu miaka ishirini. Wateja wamembandika jina la Mama Katikati, na siku hizi hata mwenye yadi halijui lingine.

Jina hilo limetokana na namna anavyouza. Familia ikija, baba huenda moja kwa moja kufunua boneti, hata kama hajui betri iko wapi. Mama hufungua buti. Watoto hugombania vioo vya umeme, wakavipandisha na kuvishusha hadi gari litie huruma. Mama Katikati huwaacha wakamilishe shughuli zao. Kisha huwauliza: nani kwenu ambaye huwa halalamiki?

Kila familia ina mtu huyo, anasema, na vidole humwendea bila mjadala. Ni bibi, au shangazi, au yule mtoto aliyezaliwa kati ya wawili wenye makelele. Huyo ndiye anayemkalisha nyuma, katikati, na wengine wote wakaingia, milango ikafungwa. Halafu humwomba aseme ukweli, walau leo.

"Wengine hutokwa na machozi," anasema. "Bibi mmoja alisema miaka yote amekuwa akikalia kishikizo cha mkanda, ila hakutaka kumsumbua mtu. Mwanawe, mtu mzima na tai yake shingoni, akabaki anaangalia viatu vyake."

Familia ile iliondoka na gari jingine kabisa, la bei ya chini zaidi. Kamisheni yake ilipungua, lakini hakujuta.

Mwenye yadi mwanzoni alimwona kama mtu anayeifukuza biashara. Muuzaji gani anayempeleka mteja kwenye kiti kibaya kuliko vyote? Aliacha kulalamika alipoona watu wanarudi, tena wamewaleta ndugu zao. Mama Katikati hulipwa mshahara mdogo na kamisheni kwa kila gari. Mwezi ukiwa mzuri huuza matano. Ukiwa mbaya hutoka kapa, na anasema miezi mibaya ina tabia ya kuja na wenzake.

Muulize tofauti ya gari hili na lile, naye hatakuanzia na kamera ya nyuma wala skrini ya dashibodi. Utamu wa skrini, kwa maneno yake, huisha wiki ya pili. Goti linalogonga kiti cha mbele litagonga mpaka siku unaliuza gari. Na bei si hiyo iliyobandikwa kiooni peke yake. Chukua hiyo, jumlisha mafuta, jumlisha tairi nne, jumlisha spea ambayo huenda ukaambiwa usubiri iagizwe. Ndipo useme gari fulani ni rahisi.

Kwa hiyo mwaka huu, zamu yake mwenyewe ya kununua gari ilipofika, hakuna aliyedhani angebabaika.

Gari lilikuwa la kumbebea mumewe. Mtaa mzima unamwita mumewe Dereva, na yeye huitikia, ingawa hajaendesha kitu kwa miaka mitatu sasa. Aliendesha teksi tangu ujanani. Presha ya macho ilimnyemelea taratibu, ikaanza kumla macho kuanzia pembeni, akadhani ni uchovu. Siku moja aligonga ukingo wa barabara akiwa na abiria. Hakuna aliyeumia. Alirudi nyumbani, akalifuta gari vumbi ndani na nje, akamkabidhi mkewe funguo na kumwambia aliuze.

Leo anaona mwanga na giza, basi.

Lililomtia mkewe hofu si macho hayo. Ni kwamba Dereva aliacha kutoka. Walijaribu teksi za watu, akawa anashikilia kiti kwa mikono miwili huku jasho likimtiririka, maana kwake kila aliyeshika usukani alikuwa analiua gari. Mwisho akasema yatosha. Akawa mtu wa kliniki na nyumbani. Mchana kutwa aliketi karibu na dirisha la jikoni, akisikiliza magari yakipita na kuyataja mojamoja kwa mlio. Harusi za ndugu zilimpita. Binti yao, aliyeolewa mji wa mbali, alijifungua, na babu hakwenda.

"Utani wake haukuisha, ukija utacheka naye," anasema Mama Katikati. "Lakini mimi ndiye ninayelala naye. Nilikuwa naona nyumba inammeza, na sikujua nimshike wapi nimvute."

Aliamua kumvuta kwa gari. Pesa ya ile teksi ilikuwepo, hawakuwa na moyo wa kuigusa. Akaongeza akiba yake. Mwenye yadi naye, kwa kuthamini utumishi wa miaka mingi, akakubali kumwachia gari moja bila faida na akamwekea matatu kando hadi Jumamosi. Baada ya hapo yangewekwa sokoni kwa bei ya kila mtu, na bei hiyo asingeifikia.

Wiki nzima aliyalinganisha. La kwanza, la rangi ya fedha, lilikuwa jipya kuliko wenzake. Mlango wake ulifunguka wazi kama wa kabati, na kiti cha abiria mbele kilipanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Bei yake ilizidi ya lile la bei ya chini kwa theluthi. La pili, jeupe, lilikuwa la wastani kwa kila kitu: mafuta kidogo, buti pana, ila lilirukaruka kwenye mashimo. La tatu, la bluu, ndilo lililokula chumvi nyingi. Kitambaa kimechubuka, kamera hakuna, na kiyoyozi chake kilikuwa kinafikiria kwanza kabla ya kupuliza. Sifa yake ni bei, na spea zinazopatikana kila kona.

Katika chaguo lake akaweka la fedha la kwanza na la bluu la mwisho. Katika yote matatu alipima kiti kimoja tu, kile cha mbele cha abiria, atakapokaa mumewe. Je, mguu utaingia bila kujigonga? Je, mkono utapata pa kushika? Kiti cha usukani hakukigusa. Kwa mpango wake, shemeji yake angeendesha Jumapili, na siku nyingine wangetafuta mtu wa kukodi.

Hapa ni lazima isemwe: Mama Katikati, na miaka yake yote kwenye yadi, hakuwa anajua kuendesha. Magari husogezwa na wenzake. Akiulizwa, hucheka na kujitetea. "Nimeolewa na dereva. Ningejifunza ili nimpeleke nani?"

Kumtoa Dereva nyumbani siku hiyo ya Jumamosi ilikuwa kazi. Alimwambia mkewe achague peke yake, si ndiye mjuzi. Mkewe hakubishana. Alinyamaza kuanzia chai mpaka vyombo vikaoshwa, na kimya hicho, ambacho Dereva hajakizoea, ndicho kilichomfanya aulize koti lake liko wapi.

Pale yadi wafanyakazi walimwamkia kwa heshima, kila mmoja akimpa mkono. Akaanza na la fedha. Alilizunguka akilipapasa kwa kiganja, boneti, kioo, nguzo ya mlango. Mkewe akamfungulia mlango wa abiria na kumweleza habari ya kile kitufe. Dereva akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akaufunga mlango. Akazunguka mbele ya gari, mkono haujabanduka kwenye bati, akafungua mlango wa upande wa pili na kuketi kwenye kiti cha dereva.

Mkewe alibaki upande wa pili wa gari. Aliiona ile mikono ikiushika usukani palepale ilipozoea. Akajua amekosea, amemleta mtu aliyefiwa akamwonyesha tena maiti. Aliwaomba wenzake wasogee pembeni, na yeye mwenyewe akageuka.

"Nilisema, basi, mwacheni aage," anakumbuka.

Alipogeuka tena aliona jambo lisiloeleweka. Dereva, mtu mrefu wa miguu, alikuwa amekivuta kiti mbele kabisa mpaka magoti yake yakagonga dashibodi. Akakipandisha. Akajikunja, akanyoosha mikono, akatikisa kichwa, akatoka. Kwenye jeupe akafanya hivyohivyo. Mkewe alidhani labda mkono umesahau, labda anachanganya vishikio vya magari ya siku hizi. Kwenye la bluu alikaa sana, akisogeza kiti kidogokidogo na kuipima kwa vidole ile nguzo ya kando ya kioo. Aliposhuka ilibidi ajikunjue kwa hatua.

"Njoo ukae hapa," akamwambia.

"Nikae nifanye nini?"

"Kaa kwanza, bibie."

Akakaa. Nyayo zake zikatua kwenye pedali bila kujinyoosha. Usukani ulimfikia mikononi. Alipoinua macho aliiona boneti yote mpaka mwisho, na nje ya boneti akaliona lango, na barabara. Hakuwa na haja ya kusogeza kitu.

Ikamchukua muda kuelewa. Dereva alikuwa anapima kiti cha mkewe.

"Miguu yako naijua," mumewe akasema, amesimama mlangoni. "Nimelala nayo tangu tuoane."

Wafanyakazi, waliojitia hawasikii, walicheka wote.

Akampa hesabu yake. Kwenye la fedha kiti hakipandi vya kutosha, angekuwa anachungulia njia kupitia katikati ya usukani. Kwenye jeupe, ukisogea uzifikie pedali, usukani unakugonga kifuani. La bluu limemkaa, na nguzo zake za mbele ni nyembamba, hazitamficha mtu anayevuka. Kuhusu kiyoyozi alisema Mungu aliumba madirisha.

Mama Katikati akamkumbusha kwamba hajui kuendesha. Akamtajia shemeji. Dereva akasema shemeji anakanyaga breki kama aliyeona nyoka. Kisha akasema lile ambalo mkewe analirudia kwa sauti ndogo, akichezea ncha ya kilemba.

"Sitaki kuendeshwa na watu. Nataka kuendeshwa na wewe."

Alilia palepale, mikono ikiwa kwenye usukani wa gari ambalo alikuwa ameliweka la mwisho. Anasema hakuona aibu. Kilichomliza ni kuona alivyokuwa amekosea.

"Mimi nilikuwa nimempima kama mzigo," anasema. "Mzigo wa thamani, nisiuvunje, lakini mzigo. Yeye asiyeona ndiye aliyekumbuka kwamba ndani ya gari tutakuwa wawili."

La bluu lilitoka yadi siku hiyohiyo likiendeshwa na mfanyakazi mwenzake. Sasa mama huyo ana leseni ya mwanafunzi na mwalimu wa shule ya udereva mara mbili kwa wiki. Jumapili, yadi ikifungwa, hupewa ufunguo wa lango na kufanya mazoezi humo ndani, katikati ya magari ya watu, mumewe ubavuni. Dereva hufundisha kwa masikio. Changarawe zikilia vibaya hujua usukani umekatwa mno. Mkewe akisita, humwambia ameogopa, maana injini imeshamsengenya.

Nguzo ya lango ina mchubuko wa rangi ya bluu. Alipoigonga aliiomba radhi, mazoea ya biashara, na mumewe akamwambia nguzo haitaki pole, inataka nafasi. Mwenye yadi amekataa rangi ile ifutwe.

Kazini pia amebadilika. Bado hukaa katikati. Ila siku hizi, kabla familia haijaanza kubishana kuhusu bei, huuliza ni nani hasa atakayekuwa anaendesha, kisha humrekebishia kiti mwenyewe na kumngoja aseme kama anaiona barabara.

Na Dereva ameanza tena kunyoa ndevu. Kila Jumapili asubuhi, bila kuambiwa.

Mtihani wa barabarani ni mwezi ujao. Mama Katikati alishapanga kwamba akifaulu, safari ya kwanza ni kwa binti yao, mjukuu akashikwe na babu yake. Lakini Jumapili iliyopita, wakiwa wamezima injini na kufungua madirisha, alifikiri ni vyema kumuuliza mwenyewe. Akamuuliza angependa kupelekwa wapi.

Dereva alipitisha kiganja kwenye dashibodi. Kisha akasema swali hilo amewauliza watu maisha yake yote, usiku na mchana, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. Akaomba apewe muda.

"Bado anafikiria," anasema Mama Katikati, na uso wake wote unacheka. "Jana alitaja mahali, leo asubuhi amebadilisha. Nimemwambia asiharakishe. Akishaamua, hata pawe mbali namna gani, nitampeleka."