Kurasa Zisizo na Picha

Jambo la kwanza nililojifunza kwenye kompyuta ni kuzima picha. Nilikuwa nimeajiriwa kufagia katika duka la intaneti karibu na bandari ya Kindu, mashine sita, zote zikitegemea antena moja juu ya bati. Mteja alifungua ukurasa, akatoka kununua karanga, akarudi, ukurasa ukawa bado uko nusu. Basi ananigombeza mimi mwenye ufagio.

Siku moja fundi aliyekuja kurekebisha antena alinionyesha mahali pa kuingilia kwenye mipangilio ya kivinjari. Kifaransa changu kiliishia darasa la sita, kwa hiyo nilishika mahali, si maneno: vistari vitatu vya pembeni, shuka hadi chini, ingia, zima picha. Halafu futa mabaki ya kurasa za zamani. Halafu ondoa vile viongezo ambavyo wateja huvibonyeza bila kujua. Halafu zuia video zisianze zenyewe. Ukurasa uliokuwa ukichukua muda wa kunywa chai ukawa unafunguka kabla hujakaa vizuri. Mwenye duka akanipa kiti, ufagio akampa mtu mwingine.

Wateja walinitania. Mzee mmoja wa reli, aliyekuja kusoma habari za mpira, aliita kutoka mashine yake:

"Mama, hii timu inachezaka bila watu? Naona tu majina. Mapicha umekula?"

"Nimekula, papa. Wee soma majina."

"Hii njo internet ya vipofu!"

"Lakini iko mbio."

"Iko mbio, ni kweli. Kipofu naye anakimbiaka. Shida ni ukuta."

Watu walicheka. Nilibaki na mipangilio hiyo miaka minne.

Kila Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini na duka likiwa tupu, nilifungua ukurasa wa shirika moja linalotafuta watu waliopotezana wakati wa vita. Nilikuwa na mtu wangu wa kumtafuta.

Vita vilipofika Kindu nilikuwa na miaka kumi na tatu. Baba hakurudi kutoka stesheni alikofanya kazi. Mama alitutoa kwa miguu, tukafuata mto hadi upande wa Lokandu. Aliharisha siku tatu katika shamba la mihogo la watu tusiowajua, tukamzika hapohapo. Tukabaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume wa miaka sita, na mdogo wetu wa kike, bado mchanga, mgongoni. Mitumbwi ya kuvukia ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa na nafasi ya mtu mdogo. Nilimpakia yule wa kiume, nikamwambia akae katikati, mimi nakuja na wa pili. Risasi zilipoanza, wapiga kasia wa ule wa kwanza waliuacha ufuate maji. Wa kwetu ulirudi ukingoni. Habari yote ni hiyo. Nimewaeleza watu wengi wenye karatasi, kwa mpangilio huohuo, na sasa naisema kama mtu anayetaja vituo vya reli.

Sikurudi shule. Nilimlea yule wa kike huko Alunguli, ng'ambo ya mto, kwa kuuza unga wa mihogo, nikamsomesha hadi akawa mwalimu. Yule wa kiume hatukumfanyia matanga. Kwetu mtu asiyejulikana kama yu hai au amekufa hasomewi hitima. Anaachwa hivyo.

Ukurasa ule ulikuwa na orodha ya majina, na chini yake safu za visanduku vya kijivu vyenye namba. Maelezo ya juu yalikuwa Kifaransa kirefu, nikayaruka. Visanduku nilivijua: ni matangazo ya biashara ambayo picha zake nimezizima. Karibu kila ukurasa unavyo. Nilisoma majina yote, jina letu halikuwemo, nikafunga. Dakika mbili hivi. Jioni nilimwambia mdogo wangu wa kike, hayuko. Aliniamini, maana mashine ni kazi yangu.

Ijumaa moja alivuka mto kuniletea chakula, akanikuta nikisoma majina. Alikaa kando yangu, akayasoma yale maelezo ya juu taratibu, kidole juu ya kioo.

"Yaya, sura ziko wapi?" Kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Sura gani?"

"Wameandika hapa. Wale waliopotea wakiwa watoto hawawekwi majina, juu ya usalama. Wanawekwa sura na namba."

"Hizi ni publisite, matangazo tu."

"Hapana, yaya. Hawa ni watu."

Niliwasha picha. Ni kubonyeza mara nne tu. Zilianza kuja kutoka juu: nywele, paji la uso, macho. Wateja walirudi kutoka kuswali, wakalalamika kwamba mashine zimekuwa nzito, nikawaambia wangoje. Katika safu ya tisa palikuwa na mwanamume mwenye masikio ya baba na kovu juu ya nyusi. Kovu lile nililiona likitoka damu, siku alipoangukia kinu cha mama. Chini ya sura waliandika mwezi ilipowekwa. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuufungua ukurasa huo kila Ijumaa.

Mdogo wangu alilia. Mimi nilinakili namba, nikaikagua mara mbili, nikaliandikia shirika.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, mistari mitano. Mtu wa namba hiyo aliishi katika kambi ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka. Alikuwa akimtafuta dada yake mkubwa na mtoto mchanga. Alingoja, kisha mwaka uliopita akaondoka kambini bila kuacha anwani. Kama ningependa, ningeweza kuweka sura yangu mimi, kwa sababu waliotoka kambini wakati mwingine huufungua ukurasa kwa simu huko waliko.

Mdogo wangu alilisoma kwa sauti mara moja. Hakusema kwamba ni mimi niliyezizima picha. Nilingoja aseme.

"Sasa tunafanya nini, yaya?"

"Tunaweka sura."

Alinipiga picha mbele ya ukuta wa nje wa duka. Ilikuwa nzito, picha za simu za siku hizi ni nzito. Sijui mdogo wetu wa kiume yuko wapi. Labda mtandao wake ni kama wetu, na picha kubwa ingemchosha, angefunga kabla sijatokea. Nikakaa kuipunguza, kidogo kidogo.

"Bado ni miye?"

"Bado."

"Na hapa?"

"Bado. Hapana, yaya, rudisha kidogo. Macho yamepotea."

Nilirudisha kidogo. Nikaijaribu kwenye mashine mbovu kuliko zote, ile ya mlangoni. Ilifunguka mara moja, nikaituma.