Kibao cha Marehemu Opiyo

Ukitoka barabara kuu ya Mombasa pale Voi, kuna kipande cha lami kinachoingia hadi kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Ni mita mia nne tu. Ukipiga chafya mwanzoni, wa mwishoni anasikia.

Calvince Opiyo, fundi wa reli aliyestaafu, ndiye aliyekifagia, akaziba mashimo yake kwa kokoto, na kwa miaka saba akaisumbua ofisi ya barabara iweke kibao. Hakuwa na wazimu. Mkewe Christabel alipozidiwa, ambulensi ilizunguka mji dakika arobaini ikitafuta njia isiyo na jina. Ilipofika, haraka ilikuwa imekwisha.

Mwaka jana, hatimaye, ofisi ikamtuma karani wake Kimanzi aje kuandika jina. Akamkuta jirani yetu, Teresia Wakio, akichambua mboga mlangoni.

"Hapa panaitwaje, mama?"

"Kwa Opiyo."

"Na huyo Opiyo ako wapi?"

"Amepumzika," akasema Wakio. Na ni kweli. Mzee alikuwa kitandani anakoroma, maana alizibua mtaro tangu alfajiri.

Kimanzi akavua kofia. "Pole sana, mama. Aliugua?"

"Kuugua wapi! Ni hii barabara imemmaliza."

Hakuna aliyedanganya hapo. Wiki tatu baadaye kibao kikasimikwa, cha kijani, herufi nyeupe: BARABARA YA MAREHEMU OPIYO. Chini yake waliandika KM 0, kwa sababu kule ofisini kisichofika nusu kilomita huandikwa sufuri. Basi tukawa na barabara isiyo na urefu, ya marehemu asiyekufa. Wenzake wa reli walikuja na sukari na majani ya chai ya matanga. Opiyo akawapikia chai hiyo hiyo.

Nikamsindikiza ofisini, nikiwa nimejiandaa kutukana.

"Mtu aliye hai hapewi barabara, mzee," mkubwa wa pale akamwambia. "Ndiyo sheria. Tukirekebisha, kibao kinang'olewa. Sasa, unataka kuwa hai ama unataka barabara?"

Opiyo akachukua kofia yake.

"Wacheni nibaki hivyo hivyo," akasema.

Mwezi uliopita Wakio alibanwa na kifua, midomo ikaanza kubadilika rangi. Tuliogopa sana. Opiyo akapiga simu.

"Ingia kwa kibao cha Marehemu Opiyo," akamwambia dereva. "Utanikuta nimesimama hapo chini. Mimi ndiye yeye."

Ambulensi ikaja moja kwa moja, ikampakia Wakio, ikaondoka naye akiwa hai. Sasa yuko nyumbani, anachambua mboga.

Siku ile Opiyo alibaki chini ya jina lake, macho kwenye saa ya mkononi, machozi yakimtiririka.

"Dakika sita, Christabel," akasema. "Sita tu."