Aliyeshika Kibati cha Tapeti

Juzi nilipanda kwenda nyumbani Subukia kumwona baba, na nilipofika penye poshomili yetu ya zamani, kile kinu cha kusagia mahindi, nikasimama kidogo. Siku hizi inasaga kwa stima ya umeme. Inavuma taratibu, unaweza kulaza mtoto kando yake. Papo hapo nikamkasirikia mdogo wangu, naye alikuwa kazini kwake Olkaria, hana habari. Wewe unanijua, wivu wangu kwa yule dada haujawahi kungoja sababu mpya.

Enzi zetu poshomili ile ilikuwa ya baba, na iliendeshwa na injini ya dizeli yenye gurudumu zito la chuma ubavuni na mpini wa kuwashia kwa mkono. Ilisikika mpaka ng'ambo ya mashamba ya kahawa. Akina mama walioleta mahindi hawakumwaga madebe yao hivi hivi. Kwanza walisikiliza. Injini ikigonga, walijua unga utatoka na chenga, basi walikaa juu ya magunia wakimtania baba: "Mzee, leo hiyo kitu iko na kikohozi. Si uipatie dawa kwanza?"

Dawa yenyewe ilikuwa kurekebisha tapeti, vile vyuma vidogo vinavyozisukuma valvu zifunguke. Asubuhi, injini ikiwa baridi, baba alifungua kifuniko cha juu, akalizungusha gurudumu polepole mpaka valvu zote mbili zikafunga, kisha akalegeza nati. Kati ya tapeti na valvu panatakiwa mwanya mdogo sana. Ukizidi, injini inagonga. Ukipungua, valvu haifungi sawasawa na nguvu inapotea. Mwanya ule ulipimwa kwa kibati chembamba kama wembe, na kukishika ilikuwa kazi ya mtoto, kwa kuwa vidole vya baba vilikuwa vimeota sugu, havikusikia kitu. Mtoto alikivuta taratibu, akasema kama kinakwama, kinapwaya au kinavutika vizuri.

Mtoto huyo alikuwa mdogo wangu. Mimi, kifungua mimba, nilipewa ufagio.

Tena nyumbani kwetu unga wa kwanza baada ya tapeti ulipikwa ugali siku hiyo hiyo, na ukoko wote alipewa aliyeshika kibati. Nilimtazama akiutafuna, ukoko wa moto wenye harufu ya moshi, huku baba akimuuliza kama valvu ya pili ilikaza kuliko ya kwanza. Sisi wengine tukawa kama wageni waliokaribishwa chakula. Ukoko ningeusamehe. Maongezi yale sikuyasamehe, na sijayasamehe mpaka leo.

Nafasi yangu ilikuja mdogo wangu alipougua matubwitubwi. Baba akanipa kibati. Alikuwa akinukia dizeli na sabuni ya kipande, na bega lake liligusa langu. Nikavuta, nikasema kinavutika vizuri. Akakaza nati, akauliza, "Na sasa?" Nati ikikazwa mwanya husogea, kwa hiyo lazima uvute tena. Nilijua. Lakini nilikuwa nautazama uso wake nione kama amefurahi, nikajibu tu bila kuvuta tena, "Ni vile vile."

Injini ilipowaka iligonga kama mtu anayepigilia bati. Akina mama wakacheka. Baba hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Alikichukua kibati mkononi mwangu akasema kwa upole, "Wacha tu, mama. Tutangoja mdogo wako apone." Tukangoja siku tatu, watu wakibeba mahindi yao mpaka poshomili nyingine, ili mtoto mwenye mashavu yaliyovimba apate nafuu.

Mdogo wangu aliipenda injini. Mimi nilimpenda baba. Mpaka leo naona mimi ndiye niliyestahili kukaa pale.

Stima ilipofika, injini iliuzwa kwa watu wa vyuma chakavu, wakaikatakata pale pale uani. Mama alilia. Mimi, nakwambia ukweli, nilifurahi. Nilidhani sasa tutakuwa sawa. Foleni ya akina mama na utani wao vimeisha, wengi wananunua unga wa pakiti, na mngurumo ule uliondoka na nusu ya masikio ya baba. Mimi ndiye ninayepanda kila mwisho wa mwezi kumfulia mablanketi.

Juzi hiyo, nikiwa kwa baba, mdogo wangu alipiga simu. Anatunza jenereta za dizeli kule Olkaria, na kuna moja ilikuwa ikimsumbua. Baba ambaye kutwa nzima hakunisikia nikimsemesha alibana simu sikioni akasikia yote. Aliuliza moshi ni wa rangi gani. Alibisha, akacheka, akamwambia afungue juu aangalie tena.

Simu ilipokatika akanigeukia, uso bado una furaha, akaniuliza kama chai iko tayari. Nikamwambia iko. Nikamletea, nikaketi karibu naye, nikangoja aniulize jambo lingine. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akanirudishia kikombe.