Batuache Ilipofika Nambari Moja

Wimbo uliotufikisha redioni ulianza na maharagwe ya mama yangu. Aliyauza Bwera, kando ya barabara iendayo mpakani Mpondwe, kati ya Uganda na Kongo, mahali alipokaa tangu mimi nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Siku moja askari wa soko walikuja wakasema pale si mahali pa biashara tena, na kabla hajajibu wakayapindua magunia yake kwenye matope. Mama hakulia. Aliketi chini palepale, akaanza kuyaokota, na kila askari alipomwambia aondoke alijibu neno lilelile kwa Kiswahili chetu cha mpakani: "Batuache." Yaani, watuache. Hakuwatazama hata usoni. Wanawake wenzake wakaketi naye, wakawa wanaokota na kusema hivyohivyo, mpaka wale askari wakachoka kusimama wakaenda zao.

Nilikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimetoka Kasese kuja kumsalimu. Nilirudi na neno hilo likigonga kichwani kwa mapigo, kama magurudumu ya treni yanapopita kwenye maungio ya reli.

Kasese niliishi kwa kaka yangu, ambaye alikuwa karani wa stesheni. Mchana nilishona nguo kwenye baraza la duka, na jioni nilipiga gitaa la besi. Miaka ya sitini ilikuwa inakwisha. Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne: mimi, kaka yangu, mpiga ngoma aliyefanya kazi kwenye mgodi wa shaba, na mpiga gitaa kiongozi, Mkongo aliyekimbia vita kutoka upande wa Butembo. Huyu alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa, na alipotoka kanisani alishika gitaa la umeme akalipiga kama anayegombana nalo. Bendi nyingine za mji zilipiga rumba na twist. Sisi tulikuwa tumesikia rock kwenye santuri za duka moja pale mjini, tukaamua kwamba huo ndio muziki wetu, na hatukuomba ruhusa kwa mtu.

Watu walisema tunapiga kelele. Kuhusu mimi walisema zaidi. Jirani mmoja alimwuliza kaka yangu atampata wapi mwanamume wa kuoa msichana anayevaa gitaa kama mkoba. Kaka alimjibu kwamba yeye ana shida kubwa kuliko hiyo, maana mpiga besi mwingine mzuri kama mimi hayupo hadi Fort Portal. Nilikuwa ndani nikipiga pasi, nikasikia, na kwa ajili ya maneno hayo nimemsamehe kaka mambo mengi.

Spika yetu ilikuwa ya mitumba, na siku moja tukiishusha kutoka kwenye lori ilianguka, karatasi yake ikachanika. Tangu hapo gitaa la Mkongo likawa linatoa sauti ya kukwaruza, kama bati linaloburutwa kwenye mawe. Kaka alitaka tuitafutie fundi. Mkongo akakataa.

"Muache vile," alisema. "Hii sauti iko na kasirani. Na sisi tuko nayo."

Tukaiacha. Nikaweka neno la mama juu ya sauti hiyo, na wimbo ukawa umepatikana. Beti zilikuwa kwa Kiswahili cha Bwera, kile tunachosema na Wakongo sokoni, na kiitikio kilikuwa neno moja tu, Batuache, likirudiwa mpaka koo linauma. Mara ya kwanza tulipoupiga kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa mgodi, wanaume waliotoka zamu wakiwa bado na vumbi masikioni walisimama wote. Hawakucheza. Walisimama tu wakaimba, na mpiga ngoma wetu akaniambia baadaye kwamba alidhani wanataka kutupiga.

Mwaka wa sabini tulipanda treni kwenda Nairobi kurekodi. Mwenye studio alikuwa mtu mpole aliyejua anachotaka. Alitaka wimbo wa mapenzi, laini, wa Kiswahili safi, aimbe kaka, mimi niitikie kwa mbali. Tulikuwa nao wimbo kama huo, tukampa. Ukarekodiwa vizuri, naye akafurahi. Kisha akauliza tuna nini cha kuweka upande wa pili, tukaunganisha ile spika yetu mbovu, tuliyoibeba kutoka Kasese ikiwa imefungwa kwa blanketi.

Fundi mitambo alisimamisha kanda kabla hatujafika kwenye kiitikio. Alieleza kwa heshima kwamba kifaa chetu kimeharibika na kwamba wao wana spika nzuri za kutuazima. Kaka alijaribu kumfahamisha. Mwenye studio akaingia, akasema anayenunua santuri atadhani imekwaruzwa, atairudisha dukani. Halafu akanitazama mimi nyuma ya kipaza sauti, akauliza kama huu nao hawezi kuuimba kaka.

Nilikuwa sijazoea kubishana na watu wenye ofisi. Lakini nilimwona mama amekaa kwenye matope, na sauti ikanitoka.

"Sisi tumesafiri na sauti hii," nilisema. "Kama haitoki kwenye santuri, basi hata ule wimbo wa kwanza tutautoa tuondoke nao."

Kanda ilikuwa mali yake na asingetupa, na nadhani sote tulijua hivyo. Lakini treni yetu ilikuwa inaondoka jioni, na yeye alihitaji kitu cha kujaza upande wa pili. Akapunga mkono, kama mtu anayefukuza nzi, akasema tupige mara moja tu, hakuna kurudia. Tukapiga mara moja.

Santuri ilipotoka, upande wa kwanza ulichezwa redioni. Kulikuwa na kipindi cha Jumamosi alasiri ambacho wasikilizaji walikitumia kadi za posta kuchagua nyimbo kumi bora, na mtangazaji alizisoma kuanzia ya kumi akipanda hadi ya kwanza. Mji mzima ulikaa kimya kukisikiliza. Wimbo wetu wa mapenzi uliingia nambari tisa, ukakaa wiki mbili, ukatoka kama mgeni asiyeaga. Mwenye studio aliandika kutupongeza. Mimi sikuona cha kupongezwa.

Aliyeigeuza santuri alikuwa mama mmoja mwenye baa pale Bwera. Alikuwa na gramafoni ya betri, na alichoka kusikia upande mmoja. Alipogeuza, wateja wake walisikia neno la barabara yao wenyewe likitoka kwenye mashine. Siku ya soko iliyofuata baa ilijaa mpaka nje. Wanunuzi wa kahawa wakavuka mpaka na santuri hiyo hadi Beni na Butembo. Wauza samaki wakaipeleka Kasenyi. Duka la santuri la Kasese likaagiza nyingine, na nyingine tena.

Redio, hata hivyo, haikuucheza. Mtangazaji alisema hewani, bila kututaja, kwamba baadhi ya wanamuziki wanatuma nyimbo zenye Kiswahili kilichovunjika, na kwamba yeye ana wajibu wa kulinda lugha. Nilikuwa kwenye cherehani niliposikia hayo. Kwa hasira nilijichoma kidole na sindano. Hicho Kiswahili alichokiita kimevunjika ndicho tulichonunulia chumvi na kuuzia kahawa, ndicho Mkongo wetu alichoombea hifadhi alipovuka mpaka na nguo moja. Kilikuwa kinafanya kazi kila siku, hakijawahi kumwangusha mtu.

Mama ndiye aliyeanzisha vita vya kadi. Aliyenunua maharagwe kwake aliambiwa atume kadi redioni. Asiyejua kuandika, mama alimwita mwanafunzi yeyote aliyepita amwandikie. Wanawake wa soko wakafanya vivyo hivyo, na wachimbaji wa mgodi, na wakulima wa Mubuku waliokuja mjini na mpunga wao. Karani wa posta alimwambia kaka yangu kwamba hajawahi kuona mfuko wa barua mzito namna ile ukitoka Kasese.

Hatimaye redio ikalazimika. Jumamosi moja wimbo ukaingia nambari nane. Mtangazaji akausoma akiwa amelirekebisha jina lake: "Watuache." Wiki iliyofuata ukapanda, naye akarudia, "Watuache." Ulipofika nambari tatu tukaalikwa Kampala kuzungumza kwenye kipindi chake. Alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye tai, mwenye adabu sana. Alitukaribisha hewani akasema tuko hapa na wenye wimbo wa Watuache.

"Unaitwa Batuache," nilisema.

Alicheka kidogo, akasema bila shaka dada anajua kwamba kwa Kiswahili sanifu tunasema watuache.

"Najua, ndugu mtangazaji. Lakini aliyelisema ni mama yangu, na yeye alisema batuache. Ukilibadilisha, unakuwa umemwondoa mahali pake."

Akaiweka santuri kwenye mashine. Kisha akasema, polepole, "Batuache," akaweka sindano kwenye santuri. Jumamosi iliyofuata tulikuwa nambari moja.

Wakati huo jeshi lilikuwa limekwisha kuchukua nchi. Afisa mmoja alikuja Kasese kwenye baraza nilipokuwa nashona, akiwa na askari wawili. Hakunisalimu.

"Wewe. Hii wimbo yako nasema batuache," alisema. "Nani hao?"

Nilimjibu ni askari wa soko waliomwaga maharagwe ya mama yangu. Akauliza je, na yeye akimwaga kitu, wimbo utakuwa wake? Fundi mwenzangu alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. Nilijua jibu la busara ni lipi. Nikashindwa kulitoa.

"Atakayemwaga, afande, ndiye atakayeimbwa."

Hakunigusa. Alikwenda stesheni akamchukua kaka, akapita mgodini akamchukua mpiga ngoma. Waliwakalisha kambini wakikata nyasi, wakawanyoa nywele zao ndefu, ambazo walikuwa wamezifuga tangu tulipoanza bendi. Kisha wakawaachia warudi. Vichwa vyao vilikuwa vimekatwakatwa kwa wembe butu. Kaka alikaa kitandani akasema tu kwamba hakuwaambia kuwa tutaacha, kwa sababu hawakumwuliza.

Nilichukua mkasi wangu wa kushonea nikanyoa nywele zangu zote. Mkongo aliponiona akakaa kwenye kigoda akainamisha kichwa, nikamnyoa na yeye. Tulipopanda jukwaani tena tulikuwa vipara wanne chini ya taa ya ukumbi wa mgodi, na kwenye lango la ukumbi alisimama askari aliyetumwa kuhakikisha hatuimbi ule wimbo. Hatukuuimba. Tulipiga nyimbo nyingine zote, kwa sauti kubwa kuliko zilivyotakiwa, na spika ikakwaruza kila moja.

Redio nayo ilikuwa imepewa amri isiucheze wala kuutaja. Jumamosi ile baa ya Bwera ilijaa, nami nilikuwepo na mama. Mtangazaji akaanza na nambari kumi, akapanda kama kawaida. Tulitegemea kusikia kwamba wimbo wa pili umechukua nafasi yetu. Akaucheza wimbo wa pili, akautaja kuwa ni wa pili. Kisha akasema, kwa sauti yake ileile ya adabu, "Na hapo ndipo tunapoishia leo," kipindi kikafungwa na muziki wa kengele.

Mama akasema, "Huyu mutu ametuachia kiti." Mwenye baa akainuka, akatoa santuri chini ya kaunta alikoificha, akaiweka kwenye gramafoni. Tukaimba sote.

Ikawa desturi. Wiki baada ya wiki yule mtangazaji alihesabu hadi mbili akaaga, na Bwera, na Kasese, na nasikia hata huko Butembo, watu waliweka santuri zao wakati huohuo. Sikupata kujua kama alifanya vile kwa ajili yetu au kwa kuheshimu tu kura za wasikilizaji wake. Baadaye sauti yake ikapotea hewani, akaja mwingine asiyehesabu chochote. Nilimwulizia Kampala mara nyingi. Mmoja aliniambia amehamia shule fulani kufundisha Kiswahili, mwingine akaniomba nisimtaje.

Tulitoa santuri mbili zaidi. Mwenye studio alikuwa amekuwa rafiki wa kelele zetu, na safari hii aliniomba mwenyewe nisimame mbele. Ya kwanza iliuzwa kiasi upande wa Kongo, lakini kwetu hakuna redio iliyoigusa. Ya mwisho karibu haikuuzwa kabisa. Ilikuwa na wimbo wa polepole kuhusu treni ya asubuhi, Mkongo akipiga kwa utulivu nisioutegemea kwake, na kwangu mimi ndiyo kazi yetu bora, redio ikitaka isitake.

Kisha mgodi ukaanza kudorora na mpiga ngoma akaenda kutafuta riziki Jinja. Mkongo akarudi Butembo kumzika baba yake, akaoa huko. Kaka alipata shamba la kukodi Mubuku akalima mpunga. Hakuna aliyetuvunja. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaopenda kudhani kwamba wale waliotunyoa ndio waliotumaliza.

Mimi niliendelea kushona na kupiga. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilialikwa Kitswamba kwenye harusi ya binti wa mkulima mmoja, mimi na gitaa langu na vijana wawili wa kunisaidia. Nilidhani wataniomba wimbo ule ulio maarufu. Bibi harusi akanijia mwenyewe, ameshika shela isiburute vumbini, akaniomba ule wa treni. Alisema baba yake alikuwa na santuri yake, na kwao waliicheza kila walipokuwa wakipukuchua mahindi. Nikamwambia sidhani kama nakumbuka maneno yote. Akasema yeye anayakumbuka, nianze tu.