Bomba Nililoliziba

Anayesema niliota na amuulize mke wangu, maana tulikuwa wote garini na yeye ndiye aliyemsalimia yule mama kwanza. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa kumi jioni, ukungu umefunika mlima mzima.

Mimi ni fundi wa magari hapa Mbinga, na nilikuwa na ujanja mmoja ulioniletea wateja wengi. Gurudumu likianza kuvujisha mafuta ya breki, fundi mwingine atakwambia ununue silinda mpya, ubadilishe na viatu vya breki, ulipie na kazi. Hapo gunia zima la mahindi limekwenda. Mimi nilikuwa nalikunja lile bomba linalopeleka mafuta kwenye gurudumu hilo, nalipiga nyundo, linaziba. Unabaki na breki za magurudumu matatu. Mteja akiuliza kama ni salama, namjibu, "Litafika tu." Nani asiyependa cha rahisi?

Siku hiyo nilikuwa nimeziba hata la kwangu, gurudumu la nyuma kushoto. Mganga hajigangi. Tulikuwa tunakwenda Chiwanda kwenye kipaimara cha shemeji yangu, nyuma tumepakia maharage.

Kabla ya mteremko wa kushukia ziwani, mama mmoja mzee alitupungia mkono kando ya barabara. Nikasimama. Mke wangu akahamia kiti cha nyuma ili mama akae mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu."

Sauti ya kawaida kabisa. Nilichoshangaa ni miguu yake tu: alikuwa peku, na nyayo zimekauka ingawa majani yote pale yalikuwa yameloa.

Kona ya tatu nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Nikakanyaga tena na tena. Hewa tupu. Jamani, umewahi kukanyaga breki ukakuta hakuna kitu? Nilirudisha gia, injini ikalia, gari likazidi kwenda. Mke wangu akaanza Salamu Maria kwa sauti.

Ndipo nikamwona yule mama anakanyaga sakafu. Abiria waoga hufanya hivyo, nimewacheka wengi. Lakini yeye alipokanyaga, gari lilipunguza mwendo. Akiinua mguu, linakimbia. Akikanyaga, linatulia. Niamini, mguu wangu nilikuwa nimeshauondoa kwenye pedali.

Tulikwenda hivyo kona baada ya kona. Hakunitazama hata mara moja. Akasema taratibu, kama mtu anayeongea na jirani yake gengeni:

"Siku ile nilikanyaga hivi hivi. Mwanangu akaniambia, usiogope mama, fundi amesema litafika."

Nilikata kona nyingine.

Akakanyaga kwa miguu yote miwili. Gari likasimama, hatua moja tu kutoka kwenye korongo. Mlango wake haukufunguka, lakini kiti kilikuwa kitupu. Mke wangu, aliyekuwa amekishikilia kile kiti kwa nyuma, alipiga yowe ambalo bado ninalisikia.

Nilishuka nitafute jiwe la kukinga gurudumu. Jiwe lilikuwepo tayari, limekaa vizuri mbele ya gurudumu la nyuma kushoto. Pembeni, kwenye majani, kulikuwa na msalaba wa chuma wenye kutu, na majina mawili yasiyosomeka tena.

Gari nimelitengeneza, magurudumu yote manne, vifaa vipya. Lakini zulia la upande wa abiria lina alama za nyayo mbili. Nimelibadilisha mara mbili, zinarudi. Mke wangu hapandi tena gari hilo. Aliniuliza mara moja tu, tukiwa mezani: "Ulimzibia nani?"

Nilijaribu kukumbuka, nikashindwa. Nimewazibia wengi mno. Wapo ambao sikuwaona tena, nami nilidhani wameridhika na kazi yangu.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kabla hujashuka kwenda ziwani, inama chini ya gari uyaangalie mabomba yako. Na fundi akikwambia litafika, muulize magari mengine aliyoyazibia yalifika wapi.