Mpira Haupakwi Samli

Nakumbuka Jumamosi moja, Moraa mjukuu wangu, babu yako Ombati aliposhuka pale Kebirigo na begi la turubai begani, linanuka mpira na matope ya ziwa. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye ndoa. Ombati alikuwa mzamiaji. Mgusii, mtoto wa vilima, anazama ziwani kutengeneza nguzo za gati! Watu walicheka. "Huyo hata mto wa kwao huuvuka akishika mkia wa ng'ombe," walisema. Mimi nilijivuna, na mpaka leo najivuna.

Sasa nasikia nawe umepata kazi ya kuzamia huko Mombasa, na kwamba suti yako ya kuzamia umeianika juani. Basi kaa nikwambie.

Suti ya babu yako, ile iliyokuwa begini, haikuwa ya kuzuia baridi. Maji ya ziwa ni vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Ilikuwa ya kuzuia kichocho na uchafu. Mwili wake ni mpira mnene, lakini shingoni na kwenye vifundo vya mikono kuna mpira mwembamba kama ganda la kitunguu, unaobana ngozi maji yasipite. Hapo ndipo roho ya mtu ilipo. Na joto la kule linakula mpira: jasho, jua, bohari ya mabati. Ndiyo maana msimamizi wao, mzee mmoja wa Pwani, alimruhusu Ombati aje nayo huku kwetu kwenye ubaridi. Ilikuja na kopo la poda nyeupe, ya kunyunyiza pale pembamba ili mpira usinatane.

Jumamosi hiyo kopo lilikuwa tupu. Ombati amelala, amechoka. Mimi na ujuaji wangu sikumwamsha. Nikajisemea, kwetu kitu kikavu hupakwa mafuta. Mtoto hupakwa, ngozi hupakwa. Nikachukua samli, nikaipaka ile shingo mpaka ikang'aa, nikaitandaza juu ya bati ikauke. Siku hiyo nilijiona mke kweli kweli.

Kesho yake akaondoka nayo kwenda kazini, na Jumanne akarudi kwa miguu yake, Mungu ashukuriwe. Shingo ilikuwa imechanika akiwa chini majini. Suti ikajaa, akawa mzito kama gunia la mahindi yaliyolowa, wenzake wakamvuta kwa kamba.

"Ulipaka nini?"

"Samli."

"Samli! Mimi ni chapati?"

Sikucheka. Msimamizi alikuwa amemfungia shingo mpya, ya mwisho bohari nzima, akamwambia hiyo nayo ikiharibika aende akalime chai. Na poda nyingine haikuwapo.

Nikaenda kwetu, upande wa Nyamarambe, kumlilia Tata, yaani baba yangu. Alikuwa mchonga mawe ya sabuni, yale laini ya kwetu. Hakunibembeleza. Aliendelea kusugua bakuli lake la jiwe.

"Mwenye nguo alikuwa amelala wapi?"

"Chumba cha pili, Tata."

"Na chumba hicho ni hatua ngapi?"

Nikazihesabu moyoni: nne.

"Ng'ombe hali omena, dagaa wa ziwani, na kuku hanyonyi. Kila kitu kina chakula chake. Kuuliza si ujinga, binti yangu. Ujinga ni kupaka."

Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo. Kisha akanishika mkono aniinue. Kiganja chake kilikuwa cheupe kwa vumbi la jiwe, laini, linateleza. Nikashtuka. Utelezi ule niliujua. Ulikuwa ule ule wa poda ya kopo!

Nikakusanya vumbi, nikalichuja kwa kitambaa chepesi mara tatu, isibaki hata chembe ya kukwaruza. Lakini safari hii sikunyunyiza kitu. Nilimpa Ombati ampelekee yule mzee, amuulize. Mzee alilisugua kati ya vidole, akalinusa, akalijaribu kwanza kwenye kipande kizima cha shingo iliyochanika. Wiki ikapita, mpira haukunata wala kukwaruzika. Akasema, "Mwambie mama atuletee jingine."

Toka hapo wazamiaji wote wa gati lile walivaa kwa vumbi la mawe yetu, na ile shingo ya mwisho ilidumu mpaka kazi ikaisha. Usione vyaelea, vimeundwa. Waliocheka walinyamaza wenyewe.

Basi sikia. Ukitoka majini, suuza suti kwa maji yasiyo na chumvi, hasa shingoni na mikononi, jasho litoke. Anika kivulini. Usijipake mafuta shingoni kabla ya kuivaa, hata hayo ya jua mnayopaka siku hizi. Vua bangili, kata kucha, vuta mpira kwa vidole bapa. Ikikauka, nyunyiza poda isiyo na marashi, uihifadhi penye ubaridi na giza. Na ikague ukiwa juu, siyo ukiwa chini. Ukiona inanata, au ina ufa mwembamba kama uzi, usizame, hata mkubwa akinuna. Usilolijua, uliza. Mwenye kujua akiwa amelala, mwamshe.

Nimekufungia vumbi kidogo kwenye kopo. Usilitumie kabla hujamuuliza mkuu wako.

Nenda, mwanangu. Mungu akushushe taratibu na akupandishe salama, kila ushukapo na upandapo. Shingo yako ibaki kavu, na jina la nyumba hii lisizame.